Siku moja katika Bunge la Maine: mwongozo kwa Mswahili anayefuatilia muswada

Siku ya kwanza niliyopanda roshani ya Baraza la Wawakilishi kule Augusta, mji mkuu wa jimbo la Maine huku Marekani, muswada niliokwenda kuufuatilia ulipita nikiwa nimeinama kutafuta kalamu kwenye mkoba. Karani alisoma namba, akasoma jina la muswada, nyundo ya Spika ikagonga, wakahamia namba inayofuata. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini na kuendesha gari kutoka Lewiston alfajiri, na pembeni yangu wamekaa akina mama wawili wakingoja niwatafsirie. Mmoja akaninong'oneza: "Wamesemaje, mwanangu?" Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku hiyo nimerudi mara nyingi, na naandika haya ili mwingine asirudi nyumbani mikono mitupu kama sisi. Huku Portland, Lewiston na miji ya jirani tuko wengi tunaozungumza Kiswahili: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Watanzania, Wakenya, na ndugu zetu wa Kisomali waliokulia kambini Dadaab na Kakuma. Sheria za nyumba za kupanga, leseni za kazi, msaada wa manispaa na shule za watoto wetu zinatungwa katika jengo lile, saa moja tu kwa gari kutoka Portland. Nalo ni jengo lililo wazi. Huhitaji uraia kuingia, wala huhitaji uraia kusema. Unachohitaji ni kujua siku yao inakwendaje, na ni wakati gani ndani ya siku hiyo ambapo sauti yako inaingia.

Nikutangulizie jibu la hilo la mwisho: sauti yako inaingia kwenye kamati, mchana. Asubuhi ukumbini unakwenda kusikiliza na kuhesabu kura. Anayebadilisha mpangilio huu kichwani mwake atachoka bure.

Lijue Bunge lenyewe

Bunge la Maine lina mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 151, Seneti ina 35. Wote huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, na hakuna anayeruhusiwa kupita vipindi vinne mfululizo katika baraza moja. Ni watu wa kawaida: walimu, wakulima, wavuvi wa kamba, wastaafu. Mwaka 2022 Deqa Dhalac wa South Portland na Mana Abdi wa Lewiston walichaguliwa kuingia humo, Wasomali wote wawili, na Desemba ya mwaka huohuo Rachel Talbot Ross akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa Spika wa jimbo hili.

Mkutano wa kwanza wa kila Bunge jipya ni mrefu. Wajumbe huapa Desemba baada ya uchaguzi, kazi huanza Januari, na sheria inautaka mkutano ufungwe kufikia Jumatano ya tatu ya Juni. Huo huwa ni mwaka wa witiri. Mwaka wa shufwa mkutano ni mfupi, unaishia Aprili. Januari hadi Machi mabaraza hukaa siku chache kwa wiki, mara nyingi Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi, na kamati hufanya kazi mchana. Mei na Juni mambo hugeuka: kamati zinakuwa zimemaliza, ukumbi unakaa karibu kila siku, wakati mwingine mpaka usiku wa manane.

Aliyezoea kutazama Bunge la Dodoma au la Nairobi atashangaa kwa jambo moja. Hakuna kipindi cha maswali kwa mawaziri, kwa sababu hakuna waziri ukumbini. Watendaji wa Gavana hawana viti humo. Ukitaka kumsikia mkuu wa idara ya afya akibanwa kwa maswali, utamkuta kwenye chumba cha kamati.

Jioni ya kuamkia siku hiyo

Kila muswada una namba inayoanza na herufi LD (Legislative Document, yaani hati ya Bunge). Iandike mahali pa wazi, kwa sababu humo ndani hakuna anayeuita muswada kwa kile unachofanya. Wewe unasema "ule muswada wa kodi za nyumba", wao wanasema LD na tarakimu. Kwenye tovuti ya Bunge andika namba hiyo, na utaona kila hatua uliyopitia, pamoja na maoni yote ya wananchi yaliyokwisha kuwasilishwa.

Halafu fungua orodha ya shughuli ya siku inayofuata. Kila baraza lina yake. Orodha hiyo ina mafungu yenye namba, na siku nzima inakwenda kwa kufuata mafungu hayo, kwa hiyo ukijua muswada wako uko fungu gani unaweza kukadiria utafikiwa lini. Usiikariri kama msahafu lakini. Mchana kutwa hutolewa orodha za nyongeza, nazo pia huwekwa kwenye tovuti. Mwezi Juni kazi nyingi ziko kwenye nyongeza hizo kuliko kwenye orodha yenyewe. Ukiwa roshani, hakikisha simu yako ina chaji na ukurasa huo uko wazi.

Angalizo la saa, maana limewaponza wengi: orodha yao ikiandika 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi yetu. Ukimpigia mzee simu kumwambia akusubiri, mtajie saa kwa namna zote mbili.

Kufika na kuingia

Kutoka Lewiston ni kama maili 30, kutoka Portland kama 60. Kwa sisi tunaotoka kwenye jumuiya, njia nzuri ni kujaza gari: watu watano kwenye roshani wanaonekana, mmoja haonekani. Jengo ni la mawe ya granite yaliyochimbwa Hallowell, jirani tu hapo, na limetumika tangu 1832, Bunge lilipohama kutoka Portland. Kuba lake la shaba linaonekana kutoka mbali, na juu yake imesimama sanamu ya mwanamke wa hekima.

Mlangoni utapita ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Hakuna anayekuuliza hati za uhamiaji. Ghorofa ya pili kuna ukumbi wa bendera za vikosi vya Maine vilivyopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hapo ndipo makundi ya wananchi hukutania. Mabaraza yako ghorofa ya tatu, roshani za wageni ghorofa ya nne. Baadhi ya kamati ziko kwenye jengo hilihili, nyingine ziko jengo la Cross, ambalo unalifikia kwa njia ya chini ya ardhi. Siku ya theluji njia hiyo ni neema.

Roshani ina adabu yake: kaa kimya, usipige makofi hata ukifurahi, usiwapungie mkono wajumbe. Ukitaka kumpata mjumbe wako akiwa ndani, andika kikaratasi, jina lake na lako na mji unaokaa, umpe mhudumu wa mlangoni. Kikaratasi hupelekwa hadi mezani kwake. Nimeona wajumbe wakiinuka na kutoka kuja kumsalimia mama aliyevaa kitenge, wakasimama naye kwenye korido dakika kumi nzima. Sentensi mbili zinatosha kuandika: "Mimi ni mkazi wa mtaa wako. Naomba dakika tano kuhusu LD fulani."

Saa nne: ufunguzi

Spika hugonga nyundo. Kiongozi wa dini aliyealikwa husoma sala; hualikwa mchungaji, padri, rabi, imamu. Kisha wimbo wa taifa, mara nyingi ukipigwa au kuimbwa na wanafunzi wa shule fulani, kisha kiapo cha bendera. Baadaye hutambulishwa daktari wa siku, kwani kila siku daktari mmoja hujitolea kuwapo jengoni. Kisha kumbukumbu za kikao kilichopita zinathibitishwa. Mgeni husimama wanaposimama.

Fungu la kwanza ni karatasi kutoka Seneti, yaani yale ambayo baraza la pili limekwisha kuyaamua na sasa yanaombwa kukubaliwa huku. Yanapita haraka mno. Zinafuata barua za kiserikali, halafu miswada mipya inayotafutiwa kamati. Hapa ndipo muswada hupewa nyumba yake: huu kwa kamati ya elimu, ule kwa kamati ya sheria. Hakuna mjadala wa maana hapo isipokuwa pale mabaraza mawili yanapogombania kamati.

Halafu huja salamu za pongezi na rambirambi. Timu ya shule iliyochukua ubingwa, bibi aliyefikisha miaka 100, mzee wa mji aliyefariki. Watu huwa wanasinzia hapo, nami naomba usisinzie. Salamu hizi huombwa na mjumbe kwa niaba ya mpiga kura wake, na mtoto wetu aliyeshinda mashindano ya sayansi ana haki nazo sawa na mtoto mwingine yeyote. Kumbuka hilo ukirudi nyumbani.

Ripoti za kamati: hapa fungua masikio

Hili ndilo fungu lililonipita siku ile ya kalamu. Ili ulielewe, shika kwanza kanuni inayoitofautisha Maine na majimbo mengi ya Marekani: muswada hauzikwi kimyakimya kwenye droo ya mwenyekiti. Kwa desturi na kanuni za hapa, kila muswada husikilizwa mbele ya wananchi, na kamati hulazimika kuurudisha ukumbini na pendekezo. Kamati zenyewe ni za pamoja, kwa kawaida maseneta 3 na wawakilishi 10 meza moja. Ndiyo maana wananchi husikilizwa mara moja tu kwa mabaraza yote mawili, na ukiikosa siku hiyo huna ya pili.

Pendekezo la kamati huja kwa maneno ambayo lazima uyajue kwa Kiingereza chake, kwani ndiyo utakayoyasikia. "Ought to Pass" maana yake kamati inasema upite. "Ought Not to Pass" maana yake usipite. "Ought to Pass as Amended" ni upite ukiwa na marekebisho, na hapo ujue ule muswada uliousoma Januari huenda si huu unaopita leo. Katafute maandishi ya marekebisho uyasome. Tofauti ya "ought to" na "ought not to" ni kineno kimoja kinachomezwa na vipaza sauti vya ukumbi. Mtegee sikio karani.

Kamati nzima ikikubaliana kwamba muswada upite, huwekwa kwenye orodha ya ridhaa. Namba inasomwa, hakuna anayepinga, unapita bila mjadala. Wenyewe husema umekwenda "under the hammer", chini ya nyundo. Ikiwa kamati imegawanyika, zinakuja ripoti mbili, ya wengi na ya wachache, na pengine tatu. Mjumbe mmoja husimama na kutoa hoja kwamba Baraza likubali mojawapo. Basi swali linalojadiliwa si "mnautaka muswada huu?" Swali ni "mnaikubali ripoti ya wengi?" Na kama ripoti ya wengi inasema usipite, anayepiga kura ya ndiyo anauua muswada. Nimewaona watu wakishangilia moyoni taa za kijani zilipojaa ubaoni, kumbe muswada wao ndio unazikwa. Kabla ya kuhesabu taa, uliza: hoja iliyo mezani ni ipi?

Wajumbe hawaitani majina matupu. Utasikia "mwakilishi kutoka Lewiston", "mwakilishi kutoka Bangor", na maneno yote huelekezwa kwa Spika hata pale anayejibiwa amekaa viti viwili mbele. Anayemtuhumu mwenzake nia mbaya hukatizwa. Yupo pia mwakilishi wa kabila la Passamaquoddy, wenyeji wa ardhi hii, ambaye ana kiti na huruhusiwa kuzungumza lakini hapigi kura ya mwisho. Kila ninapomwona akisimama huwa nakaa sawasawa kumsikiliza.

Ripoti ikikubaliwa, muswada husomwa mara ya kwanza, na kusomwa hapa ni jina tu. Kusomwa mara ya pili hufuata, aidha siku nyingine au palepale kanuni zikiwekwa kando kwa ridhaa ya wote. Hapo marekebisho ya ukumbini huweza kuingizwa. Kisha unapitishwa ili uchapwe rasmi, na unavuka kwenda Seneti kutafuta kukubaliwa. Ukirudi ukiwa umechapwa, huingia fungu la miswada ya kutungwa kuwa sheria. Kwa hiyo utausikia muswada uleule "umepita" mara mbili au tatu, na kila mara watu watatumiana ujumbe wa hongera. Usitangaze msikitini wala kanisani mpaka umepita hatua ya kutungwa katika mabaraza yote mawili, na hata hapo bado kuna Gavana.

Kura zenyewe

Kuna namna tatu. Ya kwanza ni nyundo, hakuna anayepinga. Ya pili ni kuhesabiwa bila majina: unajua ni wangapi, hujui ni nani. Ya tatu ni kura ya majina, ambayo huombwa na mjumbe na kuungwa mkono na moja ya tano ya waliohudhuria. Kengele hulia kwenye korido, wajumbe hurudi mbio kutoka kwenye kahawa, Spika hurudia swali, na ubaoni kila jina huwaka kijani au nyekundu.

Kura ya majina ndiyo mali yako. Hubaki kwenye kumbukumbu za Bunge na unaweza kuisoma mtandaoni. Mjumbe wako akija kuomba kura msimu wa uchaguzi, na wewe una uraia na umejiandikisha, unamkaribisha chai ukiwa na karatasi hiyo mkononi.

Muswada wa kawaida unahitaji wingi wa kura tu. Muswada wa dharura, unaoanza kazi mara tu Gavana anapousaini, unahitaji theluthi mbili ya wajumbe wote waliochaguliwa: 101 katika Baraza la Wawakilishi na 24 katika Seneti. Hapo asiyehudhuria ana uzito sawa na aliyepinga. Ndiyo maana utasikia muswada uliopata kura 95 kwa 50 umeanguka.

"Mezani" ya huku si ya kwetu

Hapa Mswahili aliyezoea Bunge la nyumbani hujikwaa. Dodoma, hati ikiwasilishwa mezani imeingia Bungeni na safari yake imeanza. Augusta, kitu kikiwekwa mezani kimeahirishwa. Mjumbe anaomba muswada uwekwe mezani hadi baadaye leo, au hadi siku fulani, na unaondoka mbele ya wajumbe. Mara nyingi ni jambo jema: viongozi wanatafuta kura, au marekebisho bado yanaandikwa. Wewe andika tu saa na sababu kama imetajwa, halafu uliangalie fungu la shughuli zisizokamilika mwisho wa orodha.

Meza moja ni tofauti na nyingine zote, nayo iko Seneti. Muswada wowote utakaotumia fedha za jimbo, ukishapitishwa na Wawakilishi, hulazwa kwenye meza maalumu ya fedha kungoja kamati ya bajeti iamue ni ipi itapewa pesa. Kamati hiyo hukutana chumba namba 228. Miswada mizuri sana imefia pale, baada ya kushinda kura zote, kwa sababu fedha hazikutosha. Ikiwa muswada wako una gharama, kazi yako haijaisha Mei. Andika barua kwa wajumbe wa kamati ya bajeti, fupi, ukitaja namba ya LD na mji wako.

Mabaraza yakitofautiana, kila moja linaweza kushikilia msimamo wake, au kulegeza na kukubaliana na mwenzake, au kuomba kamati ya maridhiano ya watu watatu kila upande. Yakigoma yote mawili, muswada hufa katikati.

Saa saba mchana: zamu yako

Baada ya ukumbi kuahirishwa, wajumbe hao hao huenda kwenye vyumba vya kamati. Kamati ya mambo ya sheria, kwa mfano, hukaa chumba namba 438. Meza ya wajumbe imejipinda kama kiatu cha farasi, na mbele yake kuna jukwaa dogo lenye kipaza sauti. Hapo ndipo utasimama.

Jiandikishe mapema kwenye tovuti ya Bunge, uchague kama utakuja mwenyewe au utazungumza kwa Zoom, kisha upakie maandishi yako. Ukipenda kuja tu siku hiyo, jaza jina kwenye karatasi chumbani. Mtoa muswada huzungumza kwanza, kisha wanaouunga mkono, kisha wanaoupinga, mwisho wale wasio upande wowote. Muswada wenye watu wengi huweza kuchukua saa nne. Beba maji na chakula. Mwenye watoto aje nao kama hana pa kuwaacha, hakuna atakayemfukuza.

Muda wa kawaida ni dakika 3. Kwa Kiingereza ni kama maneno 350, na ukitumia mkalimani ni nusu yake. Ninavyoshauri ni hivi: andika maoni yako kwa Kiswahili kwanza, kama unavyomsimulia dada yako, halafu mtu akutafsirie maandishi. Pakia tafsiri ya Kiingereza kwenye tovuti ili wajumbe wawe nayo mbele yao. Kisha simama na useme kwa lugha yako, mkalimani akifuata. Mwandikie karani wa kamati siku kadhaa kabla kwamba unahitaji mkalimani na muda wa kutafsiriwa. Hata hivyo njoo na wako, usibahatishe. Asiwe mtoto wako. Mtoto wa miaka 12 hapaswi kumtafsiria mama yake habari za msiba mbele ya watu 13 wasiowajua.

Mwanzo wa maoni una desturi yake. Unawasalimu wenyeviti wawili kwa majina, seneta kwanza, kisha wajumbe waheshimiwa wa kamati, unataja jina lako na mji unaokaa, unasema kama unaunga mkono au unapinga LD namba fulani. Baada ya hapo kisa kimoja. Kimoja tu. Namkumbuka mama mmoja aliyezungumzia vyeti vyake vya uuguzi. Alikuwa ameandika kurasa tatu. Tulikaa jikoni kwake tukazipunguza mpaka zikabaki sentensi kumi na moja, na ile iliyobaki ya mwisho ilikuwa: "Nimezalisha watoto kwa miaka kumi na minne, na hapa naruhusiwa kufua mashuka tu." Alipoisema, mjumbe aliyekuwa akisoma simu aliinua kichwa. Maswali yakaanza, na maswali hayahesabiwi ndani ya dakika 3. Alizungumza karibu robo saa.

Ukiulizwa usichokijua, sema hujui na kwamba utaleta jibu kwa maandishi. Wanaheshimu hilo.

Na sasa jambo ambalo naomba lisomwe mara mbili na kila ndugu mwenye kesi ya hifadhi. Kila unachosema pale ni kumbukumbu ya umma. Jina lako na maandishi yako hubaki kwenye tovuti, na video hurushwa moja kwa moja na kuhifadhiwa. Usitaje majina ya jamaa walioko nyumbani, wala tarehe na njia ulizopita, wala maelezo yanayoweza kugongana na yale uliyoandika kwenye fomu zako. Zungumza na mwanasheria wako kwanza. Ukiona hatari, mwombe jirani au mwajiri anayekujua azungumze. Maoni ya mwajiri anayesema "namhitaji mfanyakazi huyu" yana uzito wake.

Siku nyingine kamati hukutana tena juu ya muswada huohuo, kikao cha kazi. Hapo ndipo wanapokata na kushona, na ndipo kura ya kamati hupigwa. Unaruhusiwa kukaa na kusikiliza, ila huzungumzi usipoulizwa. Nenda hata hivyo. Mjumbe akiwa na shaka na kumwona mama wa uuguzi amekaa mstari wa mbele, mara nyingi humgeukia na kumuuliza.

Baada ya nyundo ya mwisho

Muswada ukishatungwa na Seneti hupelekwa kwa Gavana. Ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akisaini ni sheria. Akinyamaza siku zikaisha, nayo ni sheria. Akipiga kura ya turufu, muswada hurudi, na mabaraza yanahitaji theluthi mbili ya wanaopiga kura kuishinda turufu hiyo.

Siku hizo 10 zihesabu mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani, maana zimewahi kuamua maisha ya watu wetu. Mwaka 2015 Bunge liliondoka Augusta tarehe 30 Juni bila kuufunga mkutano rasmi, likapanga kurudi Julai. Gavana wa wakati ule, Paul LePage, alichukulia kwamba Bunge limeshaahirishwa na hivyo ana muda zaidi, akakaa na miswada 65 hadi siku 10 zikapita. Bunge liliporudi tarehe 16 Julai akaleta turufu zake, zikakataliwa. Swali likaenda kwa majaji wa mahakama ya juu ya Maine, na tarehe 6 Agosti wakajibu kwa kauli moja kwamba muda ulikuwa umepita, na miswada ile ni sheria. Mmoja ulikuwa LD 369, ulioruhusu wanaoomba hifadhi kupata msaada wa manispaa kwa muda wa hadi miezi 24. Kodi za nyumba na chakula cha familia nyingi tunazozijua zilitoka hapo.

Sheria isiyo ya dharura huanza kufanya kazi siku 90 baada ya mkutano kufungwa. Kwa hiyo muswada uliosainiwa Machi na uliosainiwa Juni huanza siku moja. Ukienda ofisini kudai haki mpya kabla ya siku hiyo watakurudisha, na watakuwa sahihi. Tafuta tarehe Bunge lilipoahirishwa, hesabu 90, iandike pembeni ya namba ya LD, na uwatumie wale mliokwenda nao kwenye gari moja.